Spika kwenye banda la gari: bomba liingie ukutani kabla ya plasta

Kila nyumba inayojengwa Dodoma hufika siku yenye pilikapilika kuliko zote: siku ya kuanza plasta. Mchanga umemwagwa, saruji imeshushwa, mafundi wamefika na mwenye nyumba anataka kazi iende. Fundi umeme ameshalaza mabomba ya taa na soketi. Hapo ndipo mtu anakumbuka: "Na spika za kule kwenye banda la gari je?"

Jibu linalosikika saiti ni lilelile: "Bosi, hilo dogo, tutalimaliza baadaye."

Kwa ukuta wa tofali, hiyo baadaye ina maana ya kutindua plasta iliyokwisha kukauka, kuziba, kupaka rangi upya na kumlipa fundi mara mbili. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa njia ya mkato. Wanausukuma waya wa spika ndani ya bomba lilelile linalopitisha umeme wa TANESCO. Njia hiyo ya mkato inaweza kuua mtu.

Mambo haya yanaweza kuepukwa kwa bomba moja la plastiki, boksi mbili na saa chache za kazi kabla ya plasta. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Jiji la saiti

Dodoma imekuwa ikijengwa kwa kasi tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia rasmi katika makao makuu yaliyoamuliwa tangu 1973. Tarehe 26 Aprili 2018 ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hilo. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Ukipita Nzuguni, Iyumbu, Nala au Miyuji, tofali na kokoto havikosi machoni.

Katika nyumba hizo, banda la gari, au gereji ya nyumbani kama wengine wanavyoiita, halibaki kuwa la gari tu. Jumamosi gari linaoshwa hapo. Jioni mtu anafanya mazoezi. Siku ya kipaimara au ya kumuaga binti, gari linatolewa nje, viti vinapangwa, na banda linageuka ukumbi. Kila mara kunahitajika muziki, na kila mara sabufa inaburutwa kutoka sebuleni na waya wake kutandazwa sakafuni, mahali ambapo watu wanapita na gari linaukanyaga.

Spika za bluetooth zinasaidia kidogo, lakini nazo zinahitaji kuchajiwa au soketi. Spika mbili za ukutani, zilizounganishwa na amplifaya moja, hudumu miaka. Kinachotakiwa ni njia ya waya.

Ukuta wa hapa si ule wa kwenye video

Anayetafuta maelekezo mtandaoni atakutana na video nyingi za Marekani. Fundi anatoboa tundu dogo, anaingiza waya, unashuka wenyewe na kutokea chini. Dakika kumi, kazi kwisha.

Ukuta ule ni wa mbao zilizosimamishwa, zikafunikwa kwa bodi za jipsamu pande zote mbili. Katikati kuna uwazi. Ukuta wa Dodoma mara nyingi ni tofali la saruji la inchi 5 au 6, au tofali la kuchoma, na juu yake plasta. Katikati ni tofali tupu. Hata tembe la zamani la Wagogo, lenye miti na udongo, halikuwa na uwazi wa kushushia kitu.

Kwa hiyo hapa waya haupiti ndani ya ukuta mpaka kwanza utengenezewe njia. Njia hiyo ikitengenezwa kabla ya plasta, inazibwa pamoja na ukuta mzima na hakuna atakayejua ilipo. Ikitengenezwa baada ya plasta, kovu lake linaonekana.

Kosa jingine ni kuulaza waya mtupu kwenye mfereji wa ukuta na kuuzika kwa plasta, bila bomba. Siku waya huo ukikatika, au msumari wa picha ukiutoboa, hauvutiki wala haubadilishiki. Ndani ya bomba, waya wa zamani unavutwa na mpya unaingia bila kugusa ukuta. Waya unaweza kubadilika mara tatu katika maisha ya nyumba, ila bomba ni la mara moja.

Anza na chaki

Kabla ya kugusa tindo, mwenye nyumba na fundi wasimame bandani na chaki mkononi. Waamue mambo mawili: amplifaya itakaa wapi, na kila spika itakaa wapi.

Amplifaya isiwe chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Gari likivuja, au dumu likiachwa wazi, mvuke hutambaa na kutulia karibu na sakafu. Cheche ndogo ya soketi au swichi ikikutana nao, moto unawaka. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani zinakichukulia kiwango cha chini cha gereji za kutengeneza magari, hadi inchi 18, yaani kama sentimita 45 kutoka sakafuni, kuwa eneo la hatari. Kwa banda la nyumbani, rafu ya kifuani ni salama zaidi, na mtoto mdogo haifikii.

Spika zikae juu, karibu mita 2 au zaidi kutoka sakafuni, zikielekea katikati ya banda. Mlango wa gari ukifunguliwa usizigonge. Kama ukuta mmoja unatenganisha banda na chumba cha kulala, huo usifungwe spika. Besi husafiri ndani ya tofali na aliyelala upande wa pili ataisikia yote.

Kutindua bila kudhoofisha ukuta

Mfereji wa bomba hukatwa kwa grainda mistari miwili, kisha katikati hutolewa kwa tindo na nyundo. Kazi hii ina mipaka yake, na mafundi wengi huisahau.

Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unasema mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6, ambalo ni kama milimita 150, maana yake ni milimita 50 kwa wima na 25 tu kwa mlalo. Kwa tofali la inchi 5 mlalo unabaki kama milimita 20, ambayo ni unene wa bomba lenyewe.

Sababu yake inaeleweka. Mfereji wa wima unaondoa kipande kidogo cha kila tofali. Mfereji wa mlalo unaukata ukuta kama kisu kinavyokata mkate, na uzito wote wa juu unabaki kukalia sehemu nyembamba.

Hivyo njia nzuri ni kupanda wima hadi juu, kupita darini, kisha kushuka wima kwenye spika. Waya utaongezeka mita chache, lakini ukuta unabaki na nguvu zake. Lenta na nguzo za zege zisiguswe. Na mifereji miwili isitinduliwe mgongo kwa mgongo, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa tofali hilohilo.

Bomba na boksi

Bomba la plastiki la milimita 20, lile linalotumika kwa umeme, linatosha jozi mbili za waya wa spika. Zikizidi, bora la milimita 25. Bomba liingie ndani kiasi cha kufunikwa na mchanganyiko wa saruji wa kutosha juu yake, la sivyo plasta itapasuka kwa mstari mrefu unaofuata bomba. Mafundi wengi hukaza kipande cha wavu wa kuku juu ya mfereji kabla ya plasta ili kuzuia ufa huo.

Kona ziwe za kupinda taratibu, si za kukatika ghafla. Kati ya boksi moja na nyingine zisizidi kona mbili. Zikizidi, waya utagoma kuvutika, na fundi akitumia nguvu atachubua ganda lake.

Mwisho wa kila bomba uwe na boksi, lile la kawaida la soketi. Kabla ya plasta kuanza, mambo matatu yafanyike.

Kwanza, kamba ya nailoni ipitishwe ndani ya bomba na kuachwa humo. Ndiyo itakayovuta waya baadaye, hata kama ni baada ya mwaka.

Pili, midomo ya bomba na boksi izibwe kwa karatasi au gundi ya utepe. Saruji ikiingia na kukauka ndani, bomba limekufa.

Tatu, simu itolewe mfukoni na ukuta upigwe picha, futi ikiwa imewekwa pembeni kuonyesha vipimo kutoka kona na sakafuni. Picha hiyo itakuwa na thamani siku mtu atakapotaka kutoboa ukuta kufunga rafu.

Kazi ikiisha, midomo ya mabomba izibwe tena kwa silikoni pembeni ya waya. Uwanda wa kati ni nchi ya vumbi na mchwa, na bomba lililo wazi ni barabara ya sisimizi, mchwa na hata panya, ambao hutafuna ganda laini la waya.

Spika na umeme visilale chumba kimoja

Hii ndiyo sehemu yenye maisha ya mtu ndani yake.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Waya wa spika, hata amplifaya ikitoa wati 100 kwenye spika ya omu 8, unabeba kama volti 28. Ganda lake halikutengenezwa kwa ajili ya volti 230. Na ncha zake huwa wazi. Nyuma ya spika kuna vibano vya chuma ambavyo mtu yeyote anaweza kuvigusa kwa kidole.

Sasa nyaya hizo mbili zikivutwa kwenye bomba moja, zinasuguana. Kona kali inaweza kuchubua ganda. Waya wa moto wa TANESCO ukigusa shaba ya waya wa spika, volti 230 zinatembea mpaka kwenye kile kibano. Sakiti breka ya kawaida inaweza isikate, maana breka hukata umeme unapozidi kiasi, haipimi kama unapita kwenye mwili wa mtu. Anayeosha gari, miguu ikiwa kwenye maji na mkono ukinyooshwa kurekebisha spika, hatapata nafasi ya pili.

Kwa hiyo waya wa spika uwe na bomba lake na boksi lake. Ukilala sambamba na bomba la umeme, waachane angalau sentimita 30. Ikilazimu kukutana, wakatane kwa msalaba, si kulala pamoja.

Watu wengi wanafikiri umbali huo ni wa kuzuia mvumo tu, ule mlio wa "mmm" kwenye spika. Kweli mvumo huo upo, lakini husumbua zaidi nyaya za maiki na zile nyembamba zinazotoka kwenye simu au kompyuta kwenda amplifaya, kwa sababu ishara yake ni ndogo na baadaye inakuzwa. Kwa waya wa spika sababu ya kwanza ni usalama.

Soketi ya amplifaya ni kazi ya umeme kamili. Hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, iwe na waya wa ethi, na ikiwezekana ipite kwenye breka inayokata umeme unapovujia ardhini. Hiyo ndiyo breka iliyotengenezwa kumwokoa mtu.

Kuna mtego mwingine. Nyumba ikiisha, hubaki vipande vya waya wa umeme wa milimita 1.5, na fundi huona ni heri vitumike kwenye spika. Shaba yake haina shida, muziki utapita vizuri. Lakini miaka mitano baadaye fundi mwingine atafungua boksi, ataona waya mwekundu na mweusi, atadhani ni njia ya umeme iliyosahaulika, na ataiunganisha. Bora waya wa spika wenyewe, ule bapa wa jozi. Kama ni lazima kutumia wa umeme, kila ncha ifungwe utepe ulioandikwa SPIKA.

Waya mnene kiasi gani?

Madukani waya wa spika upo wa kila aina, kuanzia mwembamba kama uzi. Kuna hesabu rahisi ya kuchagua.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Tuseme kutoka amplifaya hadi spika ni mita 10. Muziki huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni ya mita 20. Mafundi wa sauti hupendelea ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika.

Waya wa milimita 0.5 za mraba utakuwa na omu 0.69. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni karibu asilimia 9. Umezidi.

Waya wa milimita 1.5 utakuwa na omu 0.23, karibu asilimia 3. Unafaa.

Waya wa milimita 2.5 utakuwa na omu 0.14, chini ya asilimia 2. Unafaa zaidi.

Spika ikiwa ya omu 4, kila asilimia inazidishwa mara mbili. Hapo ule wa 1.5 unafika karibu asilimia 6, kwa hiyo achukue wa 2.5. Kwa banda la nyumbani hakuna haja ya kupita hapo, hata muuzaji akisifia waya wa bei mbaya.

Cha kuogopa zaidi ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Unang'aa kama shaba halisi, ni mwepesi, na bei yake inavutia. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba, na hukatika haraka ukipindwapindwa. Kuutambua ni rahisi: chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ndani ukiwa mweupe, ni aluminiamu. Waya wenye weupe kwa nje na wekundu kwa ndani ni kitu kingine, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni nzuri.

Pima kabla ya kufunga

Waya wa spika una upande wenye alama, mstari au maandishi. Upande huo uende kwenye chanya ya amplifaya na chanya ya spika, na hivyohivyo kwa spika ya pili. Moja ikigeuzwa haitaungua, ila wakati moja inasukuma hewa nyingine inaivuta, na besi inapotea. Wengi hulaumu spika kumbe ni waya.

Kama alama hazionekani, betri ndogo ya volti 1.5 inatosha. Chanya ya betri ikigusishwa kidogo tu kwenye ncha iliyoungwa na chanya ya spika, koni ya spika hutoka nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuka.

Spika mbili za omu 8 zikiungwa pamoja kwenye njia moja, amplifaya inaona omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi mzigo huo. Zinachemka, zinazima, au zinaungua. Nyuma ya amplifaya pameandikwa kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na hicho ndicho cha kufuata.

Joto nalo lihesabiwe. Banda lililoezekwa bati bila dari linachemka mchana, na amplifaya iliyofungiwa kwenye kabati haina pa kupumulia. Iachiwe nafasi pande zote, ifunikwe kwa kitambaa dhidi ya vumbi ikiwa imezimwa tu.

Kama plasta imeshapigwa

Mambo hayajaharibika. Upo mfereji wa plastiki wenye kifuniko, unaogandishwa juu ya ukuta na kupakwa rangi ileile. Waya unapanda humo kwenye kona, unapita darini, unashuka upande wa pili. Hauzami ukutani, lakini ni salama, na siku ya kubadilisha waya ni kufungua kifuniko tu.

Anayeamua kutindua ukuta wa zamani azime umeme kwenye meni swichi kwanza. Nyaya za umeme mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, kwa hiyo mistari hiyo isichimbwe kabisa.

Mwisho, banda halina pazia wala makochi ya kunyonya sauti, na mlango wake wa bati unatetema kama ngoma. Sauti inayoonekana ya kawaida ndani, kwa jirani ni kelele. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zina viwango vya chini zaidi kwa usiku kuliko mchana katika makazi. Vipande vya mpira nyuma ya spika na kwenye reli za mlango hupunguza mtetemo. Kitasa cha sauti hupunguza kilichobaki.